Barua Pepe Yako Imekwama Foleni Gani?

[Muziki wa kipindi, sekunde kumi, kisha unashuka.]

MTANGAZAJI: Popote ulipo, Nakivale au Kyangwali, Kiryandongo au Kakuma, vuta kiti usogee. Na wewe unayeshika muswada huu uliochapishwa, vilevile. Ukimaliza kuusoma mpe jirani.

Leo tunazungumza kuhusu barua pepe. Umeituma, simu imekuonyesha kwamba imekwenda. Siku ya tatu inafika, jibu hakuna. Unafunga safari hadi ofisini, wanakuambia hawajaona kitu. Wewe unasema umetuma, wao wanasema haijafika. Nani muongo? Mara nyingi hakuna muongo hapo. Barua ipo, imekaa foleni mahali fulani. Leo tutaeleza foleni hiyo iko wapi, nani anaiangalia, na kwa nini matapeli wanapenda sana kuitaja.

Tuanzie mpakani, kwa sababu wengi wenu mliingia kupitia mpaka, na foleni ya mpakani haihitaji kufundishwa. Pale Busia na Malaba, kati ya Kenya na Uganda, malori yanatoka Mombasa na mafuta, ngano na mabati, yanafika na kusubiri karatasi. Januari 2022 Uganda ilitaka kila dereva apimwe Korona mpakani kwa malipo ya dola 30. Madereva waligoma. Malori yakapanga mstari wa makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na bei ya petroli Uganda ikaruka.

Angalia jambo moja katika habari hiyo. Hakuna lori lililopotea. Dereva alikuwepo, anapika chai kando ya gurudumu, na mzigo ulikuwepo. Lakini mwenye kituo cha mafuta kule Kampala aliona nini? Aliona pampu tupu. Kwake yeye ni kama lori halikuwahi kuondoka Mombasa. Barua pepe nyingi tunazosema zimepotea ziko katika hali hiyo.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa tuifuate barua yenyewe. Tuseme mama mmoja yuko Buhehe, kata iliyoko wilaya ya Busia upande wa Uganda. Anaandika barua pepe kwa simu kwenda ofisi ya shirika fulani mjini Tororo. Anabonyeza alama ya kutuma. Mama huyo hajampelekea mtu wa Tororo kitu chochote bado. Amempa posta.

Posta hiyo inaitwa seva ya barua. Ni kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana, kazi yake kupokea barua na kuzipeleka. Kama mama wa Buhehe anatumia Gmail, seva yake ni ya Google, na inaweza kuwa bara jingine kabisa. Barua inatoka kwenye simu, inapanda mnara, inaingia kwenye nyaya za faiba. Uganda haina bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti yake inapita Kenya hadi kwenye nyaya za baharini pale Mombasa, na njia zake za nchi kavu zinapitia mipaka hiihii ya Busia na Malaba. Ndiyo maana barua ya kutoka Buhehe kwenda Tororo, mwendo wa boda boda, inaweza kuzunguka baharini kwanza.

Seva ya mama ikishaipokea barua, inatafuta seva ya ofisi ya Tororo na kubisha hodi. Hapo jibu linakuja kwa namba yenye tarakimu tatu, na ya kwanza ndiyo ya kutazama. Ikianza na 2, maana yake nimepokea, mzigo sasa ni wangu. Ikianza na 4, maana yake siwezi sasa hivi, rudi baadaye. Ikianza na 5, maana yake hapana, usirudi.

Jibu la 5 tulielewe kwa mfano wa watu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya waliokimbia ghasia walivuka hapa Busia na Malaba, na wengi wao wakawekwa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Mwaka huohuo wa 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Mtu aliyetuma barua ya karatasi Mulanda baada ya hapo, ingerudi: hapa hakuna mtu wa jina hilo. Hilo ndilo jibu la 5. Anwani imekosewa herufi, au sanduku limefungwa. Hata ukituma mara mia, jibu ni lilelile. (Na hapa niseme pembeni: kwa mtu anayehamishwahamishwa, anwani ya barua pepe ni mali. Mulanda inafungwa, unapelekwa Kiryandongo, anwani yako inakwenda nawe. Itunze kama unavyotunza kadi ya familia.)

Jibu la 4 ndilo linalozaa foleni. Mlango umefungwa kwa sasa, mtandao umekatika, seva ya pili imezidiwa au umeme umekwenda. Seva ya mtumaji haitupi barua. Inaiweka pembeni, inasubiri dakika kadhaa, inabisha tena. Ikikataliwa inasubiri zaidi, inabisha tena. Pembeni hapo ndipo foleni ilipo. Kumbuka kwamba foleni iko upande wa anayetuma. Ofisi ya Tororo inapokuambia haijaona kitu, inasema kweli. Barua haijafika kwao hata kidogo.

Msidhani foleni ni ugonjwa wa barua pepe. Ndiyo iliyoileta barua pepe kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na faiba, na simu ya kupiga nje ilikuwa ghali kupita kiasi. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na huduma ya barua pepe iliyotegemea laini ya simu ya kawaida. Barua za watu zilikusanywa kwenye kompyuta mchana, zikapangwa foleni, kisha kompyuta zikaunganishwa kwa simu na London, zikabadilishana mafurushi kwa dakika chache na kukata. Nairobi nako kulikuwa na huduma kama hiyo. Mashirika ya misaada porini yalifanya hivyohivyo kwa redio za masafa marefu: barua zilingoja mpaka hewa itulie, ndipo zikaenda. Mtu aliandika asubuhi akijua itatoka usiku, na hakuna aliyesema imepotea. Siku hizi tumezoea kupata jibu papo hapo hadi tumesahau kwamba chini yake mtambo ni uleule wa kusubiri.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Barua inasubiri hadi lini? Hili ni la kushika vizuri, hasa kama una tarehe ya mwisho ya kuomba nafasi ya masomo.

Seva nyingi hushika barua kwa siku 4 au 5. Postfix, programu ya seva inayotumiwa sana duniani, imepangwa tangu kiwandani kushika siku 5. Exim, ambayo nayo inatumiwa sana, hushika siku 4. Mwenye seva anaweza kubadilisha, lakini wengi hawagusi. Muda ukiisha, seva inakata tamaa na kumrudishia mtumaji taarifa.

Sasa tulinganishe na kilichotokea Uganda. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchi nzima. Ikarudi tarehe 18. Piga hesabu mwenyewe. Barua iliyotumwa kutoka nje jioni ile kwenda kwenye seva iliyoko Kampala, kama seva ya mtumaji inashika siku 4, muda wake uliisha tarehe 17, mlango ukiwa bado umefungwa. Kama inashika siku 5, ilikuwa bado inabisha hodi mlango ulipofunguliwa. Barua mbili za siku moja, zenye uzito sawa, moja inarudi na nyingine inapita, kwa sababu ya namba ambayo fundi fulani hakuigusa.

Lakini kama sanduku lako ni la Gmail, hesabu hiyo haikuhusu. Seva ya Gmail haikuwa Uganda. Barua zako ziliendelea kufika kule siku zote zile. Wewe tu ndiye hukuweza kufungua mlango wa kuzisoma. Wanaoishi karibu na mpaka walikuwa na bahati zaidi, maana minara haijui mpaka, na simu yenye laini ya Kenya inaweza kushika mtandao wa ng'ambo.

Vilevile tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki yote. Haikufungwa, lakini seva inayobisha hodi haisubiri milele mlangoni. Isipojibiwa upesi inarudi na barua yake kwenye foleni. Siku kama hizo foleni zinavimba bila mtu yeyote kukosea.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Nani basi anaiangalia foleni? Zamani alikuwa mtu. Fundi anafika asubuhi, anaandika amri moja kwenye kompyuta, anaonyeshwa orodha ya barua zinazosubiri. Kama ni kumi, anakunywa chai. Kama ni elfu kumi, chai inapoa. Shida ni kwamba foleni haivimbi saa za kazi peke yake. Ikivimba Ijumaa usiku, fundi anaikuta Jumatatu, na barua zimesubiri mwisho wa juma mzima.

Kwa hiyo kazi hiyo imekabidhiwa programu inayoitwa wakala. Neno hili unalijua. Busia na Malaba wamejaa mawakala wa forodha, watu wanaokaa pale kwa niaba ya mwenye mzigo aliye mbali. Wakala wa seva ni hivyohivyo: programu ndogo iliyowekwa ndani ya seva, inayoangalia kwa niaba ya fundi asiyekuwepo. Kila dakika chache inahesabu barua zilizo foleni na kupeleka namba hiyo kwenye kompyuta nyingine inayotunza kumbukumbu. Namba ikipita kiwango kilichowekwa, fundi anapigiwa kengele kwenye simu yake.

Malori ya mpakani nayo yana mlinzi wa namna hiyo. Tangu 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo inayopita. Lori linafungwa kufuli la kielektroniki, kufuli linatuma mahali lilipo, na walio kwenye chumba cha ulinzi wanaona lori limesimama muda mrefu au limetoka njiani. Hakuna anayelikimbiza lori kwa pikipiki kutoka Mombasa.

Wakala mzuri haangalii idadi tu. Anaangalia pia umri wa barua iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Barua 300 zenye dakika mbili mbili si kitu, huenda ofisi imetangaza jambo kwa watu wengi kwa pamoja. Barua 20 zenye siku tatu ni hatari, kwa sababu kuna mlango mahali fulani umekwama. Ukiniuliza mimi, ofisi ikiwa na nafasi ya kupima kitu kimoja tu, ipime umri.

Wakala huona pia wizi. Mfanyakazi mmoja akiibiwa neno lake la siri, mwizi anaingia kwa jina lake na kutuma barua za utapeli kwa maelfu kupitia seva ya ofisi. Foleni iliyokuwa 15 inaruka hadi elfu nyingi kwa saa moja. Ubaya hauishii hapo. Seva nyingine duniani zinaona uchafu unatoka wapi, zinaiweka ofisi hiyo kwenye orodha nyeusi, na barua halali zinaanza kukataliwa pamoja na zile chafu. Barua yako ya miadi, ambayo ofisi iliituma kwa nia njema, inakwama nyuma ya takataka za mwizi. Kengele ikilia dakika ya kumi, fundi anafunga akaunti hiyo na madhara ni madogo. Ikilia siku ya tatu, kuisafisha jina ofisi kunaweza kuchukua siku nyingi.

Wakala naye ana upumbavu wake. Kuna ofisi zilizompanga atoe taarifa kwa barua pepe, kupitia seva ileile anayoilinda. Seva ikikwama, taarifa ya kukwama inaingia kwenye foleni nyuma ya barua nyingine, inasubiri zamu yake. Ni kama kumtuma dereva wa lori la mwisho akatoe habari kwamba barabara imefungwa. Kengele ya foleni ipitie SMS, au njia nyingine yoyote ya pembeni. Jingine ni ukimya. Wakala akifa, hapigi kengele, na fundi anaona utulivu. Kwa hiyo mafundi waangalifu humtaka wakala aseme nipo kila baada ya muda. Asiposema, ukimya wenyewe unakuwa kengele.

Siku hizi kuna mawakala wa akili bandia wanaosoma daftari la seva, wanaeleza kwa maneno kwa nini barua zimekwama, na wengine wanapewa ruhusa ya kutenda: kuizima seva na kuiwasha, hata kufuta barua. Kueleza ni sawa, na inasaidia ofisi ndogo isiyo na fundi. Kufuta ni jambo lingine. Amri ya kufuta foleni nzima ni ya mstari mmoja, na haibagui barua ya mwizi na barua ya mtoto aliyepata nafasi ya chuo. Barua iliyofutwa hivyo hairudi kwa mtumaji na haitoi taarifa. Mtumaji ataamini imefika. Kwa maoni yangu kidole kinachobonyeza hapo kiwe cha mtu, na awe ameangalia kwanza.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwako wewe mwenye simu, kwa sababu kuna foleni ambazo wakala hazioni.

Ya kwanza iko mfukoni mwako. Bando likiwa limekwisha, barua haiondoki kwenye simu. Inakaa kwenye sehemu ya zinazosubiri kutoka, ambayo kwenye simu nyingi imeandikwa Outbox, na hakuna fundi duniani anayeiona. Kabla hujaenda kulalamika ofisini, fungua sehemu iliyoandikwa Sent. Kama barua haiko hapo, bado unayo wewe. Kiambatisho kizito ni sababu nyingine. Gmail hairuhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25, na picha tano za vyeti zilizopigwa kwa simu nzuri zinaweza kukaribia hapo, na mtandao wa kambi unachoka nazo kabla ya hapo. Punguza ukubwa wa picha.

Ya pili ni sanduku lililojaa, na hii inawaumiza watu wengi kimyakimya. Google inakupa GB 15 bure, lakini nafasi hiyo ni moja kwa barua zako, picha zako na mafaili yako. Tangu 2024 hata hifadhi ya WhatsApp kwenye simu za Android inahesabiwa humo. Video za harusi ulizotumiwa kwenye kundi zinaweza kujaza sanduku lako la barua. Likijaa, anayekuandikia anajibiwa kwamba nafasi hakuna. Barua yake inazunguka kwenye foleni siku kadhaa, kisha inarudishwa. Inarudishwa kwake, si kwako. Kwenye barua zako unaona utulivu tu, huku ofisi imeandika kwenye jalada lako kwamba hukupatikana. Angalia nafasi iliyobaki angalau mara moja kwa mwezi, na ufungue akaunti yenyewe hata kama huna barua ya kusoma, maana Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2.

Ya tatu si foleni, ni shimo. Seva yako imeipokea barua, imejibu 2, halafu ikaitilia shaka na kuiweka kwenye sehemu ya barua taka iliyoandikwa Spam. Kwa wakala wa ofisi, barua hiyo imefika salama. Kwako haipo. Gmail inazifuta baada ya siku 30. Kama unasubiri jibu la DAFI, au la mpango mwingine wa masomo, pita humo kila wiki. Ukikuta barua halali, bonyeza kuonyesha kwamba si taka, na zinazofuata kutoka kwa mtumaji yuleyule huenda zikapata njia.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Nilisema matapeli wanapenda foleni. Sikiliza hapa vizuri.

Unapata ujumbe, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili kibovu: una barua 7 zilizozuiwa kwenye seva, bonyeza hapa uziachilie. Au: sanduku lako limejaa, weka neno lako la siri ili barua zako zisifutwe. Unafikiri labda ni ile ya mahojiano. Unabonyeza. Unaletewa ukurasa unaofanana kabisa na wa Gmail, unaandika neno la siri, na kuanzia hapo mtu mwingine anasoma barua zako, zikiwemo zenye namba ya jalada la familia yako.

Wewe sasa unajua foleni inavyofanya kazi, kwa hiyo mpime. Barua inayokuja kwako inakaa foleni upande wa anayetuma. Seva inabisha hodi yenyewe, usiku na mchana, bila wewe kubonyeza kitu. Hakuna foleni inayofunguliwa kwa neno la siri la mpokeaji. Taarifa ya kweli ya kurudishwa inahusu barua uliyoituma wewe, unaitambua kichwa chake, na ndani yake kuna zile namba za 4 au 5. Mara nyingi jina la mtumaji ni Mailer-Daemon, jina la kale la mtambo wa seva, si la mtu wala si la shetani. Ikiwa ni ya kuchelewa tu, Gmail hukueleza kwamba itaendelea kujaribu na imebakiwa na saa ngapi. Hapo usitume tena na tena. Nakala kumi zitafika zote kwa pamoja mlango ukifunguliwa, na aliye ofisini atapoteza muda kuzichambua. Kama tarehe ya mwisho iko karibu, tumia njia nyingine: piga simu, au peleka karatasi. Ikiwa ni ya 5, soma anwani herufi kwa herufi.

Kama hutaki kubonyeza wala kupuuza, fungua programu yako ya barua mwenyewe, kwa njia yako ya kawaida, na uangalie humo. Kama sanduku limejaa kweli, utaona humo.

Kuna na tapeli wa miguu miwili. Anakuja hadi kwenye hema, anasema ana ndugu yake upande wa kompyuta, barua yako ya kuhamia nchi ya tatu imekwama kwenye foleni ya seva na kwa pesa kidogo itasukumwa mbele. Muulize maswali mawili tu. Foleni hiyo iko kwenye seva ya nani? Na jibu lake linaanza na namba gani? Seva haina dirisha la kulipia. Barua iliyokwama haisogei kwa pesa ya mpokeaji, na huduma za UNHCR hazilipiwi, si usajili, si mahojiano, si kuhamishwa. Barua za UNHCR hutoka kwenye anwani zinazoishia na unhcr.org, lakini jina linaloonekana juu linaweza kughushiwa, kwa hiyo anwani nzuri peke yake isikufanye utoe pesa wala neno la siri. Ukiombwa, peleka habari kwenye dawati la malalamiko, kwa mlinzi wa haki za wakimbizi, au kwa namba ya bure inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kambi yako.

Kuna swali moja limebaki, na linaulizwa sana: ofisi ikisema imenitumia barua na mimi sina, nifanye nini hapohapo? Uliza saa na tarehe iliyotumwa, na waombe wakusomee anwani waliyoandika. Wasikusomee ya kwenye kadi, wasome iliyo kwenye barua yenyewe. Kisha waulize kama imewarudia taarifa yoyote. Ikiwa imerudi, namba iliyomo itawaambia kama ni herufi iliyokosewa au sanduku lako lililojaa. Ikiwa haijarudi na siku tano hazijapita, omba fundi wao atazame foleni. Ikiwa seva yako imeipokea, toa simu mfukoni ufungue Spam mbele yao.

[Muziki wa kipindi unapanda.]